Paka Akiharisha, Zima Mashine

Kila chombo kina mteja ambaye fundi alimfikiria alipokuwa akikibuni. Aliyebuni sanduku la mchanga linalojisafisha alimfikiria paka mzima, mwenye tumbo lililotulia: anakwenda haja kubwa mara moja hivi kwa siku, haja ndogo mara mbili tatu, anafukia, anatoka, anakwenda zake. Mashine inamsubiri aondoke, inahesabu dakika, kisha reki inapita au tufe linazunguka, na mabonge yanaangukia kwenye droo yenye mfuniko. Kwa paka huyo kazi inafanyika vizuri na hakuna sababu ya kuibeza. Lakini tumbo likivurugika, chombo kile kile kinageuka kikwazo, na ushauri wa mwongozo huu ni mmoja: paka akianza kuharisha, au akianza kukaa chooni muda mrefu bila kutoa kitu, zima mashine, mwekee beseni la kawaida, na usiiwashe tena mpaka kinyesi kiwe na umbo lake kwa siku tatu mfululizo. Wenye mashine wengi hufanya kinyume. Husema siku za kuharisha ndizo hasa za kuiachia mashine kazi chafu, la sivyo iligharimu fedha zote zile kwa nini? Swali hilo lina haki ya kujibiwa, na jibu linaanzia kwenye mchanga.

Mashine ni mtumishi tu wa mchanga. Mwaka 1947 Edward Lowe wa jimbo la Michigan, Marekani, alianza kuuza udongo mkavu wa mfinyanzi kwa wenye paka waliokuwa wakitumia majivu na mchanga wa kawaida. Udongo ule ulifyonza mkojo vizuri, ila haukushikamana; ulilowa wote kidogo kidogo mpaka ukamwagwa. Reki ya kujiendesha isingekuwa na cha kukusanya. Kilichofungua njia ni bentonaiti, udongo unaotokana na majivu ya volkano, ambao ukipata maji huvimba na punje zake kunatana. Ulipoanza kutumika katika miaka ya 1980, kwa mara ya kwanza mkojo uliweza kuokotwa kama jiwe. Bonge ndilo linaloshika kwenye meno ya reki, na ndilo linalozuiwa na chujio wakati mchanga safi unapita. Pasipo bonge, mashine ya mchanga huo haina kazi.

Sasa angalia kinachotokea kwa uharo. Mkojo ni mwepesi: unapenya kati ya punje, unazivimbisha, na kufumba na kufumbua kuna bonge. Kinyesi cha kawaida hakifanyi bonge, lakini hakilihitaji. Kina umbo lake, kinavikwa mchanga mkavu kama andazi lililoviringishwa kwenye sukari, kinaokoteka. Uharo upo katikati, na ubaya wa kila upande umeuangukia huo. Ni mzito mno kupenya mchanga haraka, tena ni mwepesi mno kusimama wenyewe. Reki ikipita, haiuchukui bali inaupaka, kuanzia ulipo mpaka ukutani, na meno yanarudi yamechafuka kuusubiri mzunguko ujao. Kwenye mashine za tufe, uharo unateleza juu ya mpira wa ndani wakati tufe linageuka, unaacha mstari, na nusu yake inabaki kwenye chujio. Mashine zinazotumia chembe za silika badala ya bentonaiti hazina nafuu hapo: silika ni bingwa wa kunyonya maji ya mkojo, lakini uharo ukiburutwa juu ya chembe kavu unazifunika nyingi kwa mpigo, na trei iliyokusudiwa kudumu wiki kadhaa inaharibika kwa siku moja.

Tatizo la pili ni saa. Litter-Robot, mashine ya tufe, hutoka kiwandani ikiwa imewekwa isubiri dakika 7 baada ya paka kutoka. ScoopFree, ya reki na chembe za silika, husubiri dakika 20. Muda huo umepimwa kwa mkojo kukauka, na kwa paka ambaye akishatoka hatarudi karibuni. Paka mwenye uvimbe wa utumbo mpana hana ratiba hiyo. Anaingia, anajikamua, anatoa kijiko kimoja, anatoka, na dakika 4 baadaye yuko mlangoni tena. Kila akiingia hesabu inaanza upya, kwa hiyo uchafu unakaa pale pale akiukanyaga. Au mzunguko unaanza akiwa njiani kurudi, vihisi vinasimamisha mota, na anakuta choo kimegeuka mdomo uliofunguka upande. Paka hana namna ya kutenganisha maumivu ya tumbo na mahali yalipomkuta. Akiumia ndani ya sanduku mara tano, kisha sanduku likanguruma nyuma yake, ana kila sababu ya kuhitimisha kwamba sanduku ndilo adui, na kesho utaikuta haja yake kwenye zulia. Chuki hiyo inaweza kubaki hata tumbo likishapona, na kumrudisha chooni paka aliyekikimbia ni kazi ya wiki nyingi.

Hata hivyo, tuseme mashine zingeboreshwa zisipake wala zisiwahi. Bado ingefaa kuzizima, kwa sababu nzito kuliko zote: paka anapoumwa tumbo, kinyesi chake kinaacha kuwa taka na kuwa habari. Mgonjwa huyu hasemi, na kwa silka anaficha maumivu. Karibu yote utakayomweleza daktari wa mifugo utayasoma kwenye mchanga. Uharo mwingi wa majimaji, unaotoka mara chache kwa siku, hasa ukiambatana na kutapika na kukonda, kwa kawaida unaelekeza kwenye utumbo mwembamba. Uharo kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, wenye ute kama kamasi na matone ya damu nyekundu, pamoja na kujikamua, unaelekeza kwenye utumbo mpana. Damu nyekundu imetoka karibu na mkundu. Kinyesi cheusi chenye mnato kama lami kinaashiria damu iliyovuja juu zaidi na kumeng'enywa njiani, na hiyo ni ya kumfikisha kwa daktari siku hiyo hiyo. Vipande vidogo vyeupe kama punje za mchele ni vya tegu. Vitu virefu kama tambi ni minyoo ya mviringo. Kipande cha uzi kinachoning'inia nje ya mkundu usikivute hata kidogo, maana ncha nyingine huenda imejifunga ndani na kuvuta kutakata utumbo. Madaktari wengi hutumia kipimo cha ngazi 1 hadi 7 kilichoenezwa na kampuni ya Purina, ambapo 1 ni gololi kavu, 2 ndiyo inayotakiwa, na 7 ni maji matupu. Kusema "jana alikuwa 6, leo ni 4" kunamfaa daktari kuliko "anaharisha kidogo."

Ipo habari moja inayoweza kuokoa maisha, nayo ni kutokuwepo kwa kitu. Paka dume anayeingia chooni mara kwa mara, anachuchumaa, analia au anajilamba chini, kisha anatoka, watu wengi humdhania amefunga choo. Huenda njia yake ya mkojo imeziba. Kibofu kinajaa, sumu zilizopaswa kutoka zinarudi kwenye damu, na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Kwenye beseni la kawaida utajua kwa kuangalia mara moja: mchanga ni mkavu. Kwenye mashine inayozunguka kila baada ya ziara, mchanga huwa safi na mkavu daima, kwa mgonjwa na kwa mzima, na jambo pekee ulilohitaji kuliona limefutwa.

Hapo ndipo wenye mashine za kisasa huleta programu ya simu. Mashine inahesabu ziara, inapima uzito wa paka kila anapoingia, inatuma taarifa. Je, huo si ushahidi bora kuliko jicho la mtu aliyetoka kazini amechoka? Kwa sehemu, ndiyo. Grafu ya uzito ni zawadi ya kweli, kwa sababu paka wa kilo 4 akipungua gramu 300 jicho linalomwona kila siku halitashtuka, na mizani itashtuka. Idadi ya ziara nayo ni kengele nzuri: ikiruka kutoka 3 hadi 11 kwa siku, kuna jambo. Lakini kengele inakuambia mtu yuko mlangoni, haikuambii ni nani. Ziara 11 zinaweza kuwa uharo, zinaweza kuwa maambukizi ya mkojo, zinaweza kuwa kuziba kule kwa dume, na nyumba yenye paka wawili wenye uzito unaokaribiana haitajua hata zimekuwa za nani. Itumie programu kwa kazi yake, yaani kukuamsha. Ukishaamka, zima mzunguko, hifadhi takwimu za uzito za mwezi uliopita umwonyeshe daktari, kisha uone kwa macho yako.

Pingamizi la usafi lina uzito zaidi. Husemwa kwamba mashine inakuondolea kugusa uchafu wenye vimelea, na mjamzito hutajwa kwanza. Hapa inafaa kutazama kazi inayofanywa na mashine kwa kweli: haitoi kinyesi nyumbani, inakihamisha kutoka chumba kimoja hadi kingine kilicho sentimita 30 kando yake. Vimelea vya toksoplasma, ambavyo ndivyo hofu ya mjamzito, vinapotoka kwa paka havijawa na uwezo wa kuambukiza. Vinahitaji kati ya siku 1 na 5 nje ya mwili ili vikomae. Ndiyo maana ushauri wa zamani ni kuchota kila siku na kutupa nje ya nyumba. Droo inayomwagwa mara moja kwa wiki inavipa vimelea hivyo muda wote vinaouhitaji, tena gizani na kwenye unyevu, na siku ya kuitoa unakutana navyo vikiwa vimeiva. Mjamzito asiguse beseni wala droo iwapo kuna mwingine wa kufanya kazi hiyo. Kama hakuna, avae glovu na anawe. Giadia, ambayo huleta uharo kweli kweli, ni kinyume: inatoka ikiwa tayari kuambukiza. Basi reki iliyopakwa uharo wa giadia inaieneza juu ya mchanga wote, paka anakanyaga, anajilamba makucha, na dawa unayompa asubuhi inafutwa jioni.

Beseni la muda halihitaji ufundi. Chukua beseni pana la plastiki ambalo mdomo wake paka anauvuka bila kuruka, kwa kuwa mgonjwa hana nguvu za kuruka. Urefu wake uwe kama mara moja na nusu ya paka kutoka pua hadi shina la mkia. Ndani weka gazeti lililochanwa vipande vyembamba, au vipande vya karatasi vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Karatasi ina faida mbili ambazo bentonaiti haina: inaonyesha rangi ya damu na ute waziwazi, na haishiki kwenye manyoya yaliyolowa nyuma, ambayo paka atayalamba na kumeza mchanga unaovimba. Kama paka wako amezoea mchanga laini na anaitazama karatasi kwa dharau (wengi watafanya hivyo), usishindane naye. Mtandazie safu nyembamba ya mchanga wake ule ule, kina cha vidole viwili, na uchote mara nyingi. Liweke beseni karibu na anapolala, mbali na chakula, na mbali na mashine iliyozimwa. Mashine yenyewe ifunge mlango au iondoe chumbani, maana ataijaribu.

Nyumba yenye paka zaidi ya mmoja ina kazi ya ziada, ambayo ni kumjua mgonjwa. Njia bora ni kumtenga unayemshuku katika chumba chenye maji, chakula na beseni lake kwa siku moja au mbili. Ikishindikana, madaktari wa mifugo hupendekeza hila ya kitoto ambayo hata hivyo inafanya kazi: kwangua kidogo kalamu ya nta ya watoto isiyo na sumu, changanya na chakula laini cha paka mmoja, kisha subiri uone rangi imetokea kwenye kinyesi kipi. Kwa mashine inayotumbukiza vya wote kwenye mfuko mmoja, hila hii haiwezekani.

Kipimo cha maabara kinahitaji kinyesi kiasi cha kijiko cha chai, kibichi, kisichochanganyika na mchanga mwingi, ndani ya chupa safi yenye kifuniko. Kilichotoka kwenye droo hakifai. Kimekauka, kimechanganyika na cha juzi, na hakuna anayejua saa yake. Kwa kuwa giadia haitoki kila siku, daktari anaweza kutaka vya siku tatu tofauti. Muulize pia kama kihifadhiwe kwenye jokofu, kwani kuna vimelea ambavyo baridi huviua kabla ya kuonekana kwenye darubini. Wakati unasubiri, acha maji mengi karibu, usimpe maziwa, na usimfungishe njaa kwa kudhani utumbo utapumzika: paka asiyekula kwa siku mbili, hasa mnene, anaweza kupata ugonjwa wa mafuta kwenye ini ulio hatari kuliko uharo wenyewe. Usimpe dawa za binadamu. Vidonge vya Flagyl vilivyobaki kabatini, ambavyo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ndivyo jibu la kila tumbo, vina kipimo chake kwa paka ambacho huwezi kukikisia, na paracetamol kwa paka ni sumu hata kwa kidonge kimoja. Mtoto wa paka anayeharisha na kutapika, paka aliyelegea, mwenye ufizi mkavu au mweupe, au ambaye ngozi ya mgongoni ukiivuta hairudi upesi, hasubiri kesho.

Kusafisha mashine kunakuja baada ya paka kutulia, si kabla. Chomoa kwenye umeme, tupa mchanga wote hata unaoonekana safi, tupa mfuko wa droo, kisha osha kwa sabuni na maji ya moto sehemu ambazo kijitabu cha mashine kinaruhusu kulowa. Meno ya reki na mikunjo ya mpira yapigwe mswaki wa zamani. Ikiwa daktari ametaja virusi vya panleukopenia, ambavyo vinaweza kuishi ndani ya nyumba hata mwaka, tumia sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe kwa sehemu 32 za maji, ikae dakika 10 juu ya plastiki iliyokwisha kuoshwa, kisha suuza. Kuosha kwanza si urembo: klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa inayounguza mapafu, yako na ya paka. Ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ikiingia majini, ambayo wengi tunaipenda kwa harufu yake ya hospitali, iweke mbali kabisa. Ina kemikali za jamii ya fenoli ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja, naye atazilamba kutoka miguuni mwake.

Wapo watakaosema haya yote yanamfaa anayeshinda nyumbani. Anayeondoka saa 12 asubuhi na kurudi usiku, mfanyakazi wa Nairobi au wa Maskati anayeishi ghorofani na paka mmoja, ataliacha beseni limechafuka mchana kutwa. Ni kweli, na kwa huyo suluhisho ni mabeseni mawili au matatu badala ya moja. Beseni lililokaa na uharo saa 10 linanuka, lakini jioni linakueleza siku nzima ilivyokwenda: mara ngapi, kiasi gani, rangi gani. Mashine ingekupokea na harufu nzuri na usijue lolote. Hali ninayoikubali kuwa tofauti ni ya paka mwenye maradhi ya muda mrefu ya utumbo, ambaye chanzo kimeshajulikana, yuko kwenye dawa, na kinyesi chake laini ndiyo hali yake ya kila siku. Kwake mashine inaweza kuendelea, muda wa kusubiri ukirefushwa hadi mwisho wa kipimo chake, droo ikimwagwa kila siku, na mzunguko ukizimwa mara hali inapobadilika.

Siku ya kuiwasha tena, usiiwashe yote. Weka mchanga mpya, acha umeme umezimwa, na umwache paka aitumie kama sanduku tu kwa siku mbili, beseni likiwa bado pembeni. Siku ya tatu endesha mzunguko kwa mkono akiwa chumba kingine. Akiingia bila kunusa kwa wasiwasi, rudisha mzunguko wa kujiendesha, ukiwa na muda mrefu wa kusubiri, na kwa wiki ya kwanza fungua droo kila jioni uangalie kilichomo kabla hujakifunga na kukitupa.